Nekesa, Nunua Laptop Inayoweza Kucheza Gemu

Nekesa mwanangu,

Mmetoka na mama yako kwenda Makongeni kumuaga shangazi yako, na najua shangazi hatawaachilia kabla hamjala na kuombewa. Nimebaki peke yangu hapa mezani. Nimeona nikuandikie, kwa sababu mimi na wewe tukikaa chini kuongea, maneno huishia kwa hali ya hewa na stima.

Habari za kufunga mlango wa hosteli, za marafiki, za kula vizuri na kutafuta kanisa kule Eldoret, mama yako ameshakueleza, na atakueleza tena kesho. Mimi nina neno moja, na linahusu ile laptop.

Juzi jioni nilikuwa nakunywa chai huku, nanyi mko upande wa pili wa pazia mkikunja nguo. Mama yako alikuuliza utanunua laptop gani na zile pesa ulizochangiwa na wajomba. Ukasema, "Yoyote tu nyembamba, ya kuandika kazi ya chuo. Mimi gemu sitaki tena, Mama. Hata nikiwekewa sitacheza." Mama yako akasema, "Hapo umefikiria vizuri." Mimi nikabaki na kikombe mkononi, chai ikapoa.

Ulisema gemu hutaki tena, na mimi najua ni nani aliyekufanya uzichukie.

Simiyu alipozaliwa ulikuwa na miaka minne. Hatukujua ana selimundu mpaka alipoanza kuvimba vidole vya mikono na kulia bila kunyamaza, na daktari akatuambia ni ugonjwa wa damu ambao ataishi nao. Ulikua ukijua kwamba ndugu yako hapigwi na baridi, hakimbizwi, na hakosi maji. Watoto wengine wa Tassia walikuwa wakishuka kucheza mpira hapo nje, au kwenda kwenye kile kibanda cha gemu karibu na bucha. Yeye alikuwa akisimama dirishani ghorofa ya nne, anatangaza mechi yao kama mtangazaji wa redio, na wewe unacheka.

Alipofika kidato cha kwanza maumivu yalizidi, akawa nyumbani siku nyingi kuliko shuleni. Ndipo wewe ulipokuja kuniambia, "Baba, tumtafutie laptop ya kuchezea gemu. Hata ya mtumba." Nilikujibu vibaya. Nilikuambia gemu haijazi tumbo, na mtoto mgonjwa anahitaji dawa na Mungu. Ukasema, "Dawa anakunywa, Baba. Na Mungu anamuomba. Lakini mchana wote anakaa na nani?"

Mwezi ule tulilipwa saa za ziada kiwandani, na Jumamosi nikaamua kwenda mjini kununua. Ulitaka kuja nami. Ulisema, "Nipeleke, Baba. Si kila laptop inaweza kubeba gemu." Nikakuambia mimi naendesha mashine ya kutoa mabeseni ya plastiki, yenye ukubwa wa nyumba, sitashindwa na kakitu ka kubeba kwapani.

Mwanangu, nilishindwa. Nilifika kwenye kibanda kimoja cha ghorofani, kijana mmoja akaninunulia soda na kuniita mzee wangu. Nikamwambia nataka ya bei nafuu, ya kijana kuchezea gemu. Akaniwekea mbele laptop nyembamba ya rangi ya fedha, inang'aa, nyepesi kama sahani. "Mzee wangu, hii ni ya ng'ambo, haijaguswa. Gemu zote inashika. Mtoto ataruka." Mimi nikaigeuza, nikaipapasa, nikafurahia vile inavyong'aa. Sikuuliza swali hata moja. Sikuomba aniwashie gemu nione. Niliona aibu kuonekana sijui, nikalipa nikiwa na uso wa mtu anayejua.

Unakumbuka Simiyu alivyoipokea. Aliikumbatia. Akasema, "Baba, hii ni kali!" Na mimi jioni ile nikala ugali kama mfalme.

Baada ya hapo, kila nikirudi kazini namkuta anacheza karata kwenye ile laptop. Karata tu, zile zinazokuja na mashine. Nikamuuliza, "Mbona huchezi mpira? Mbona huchezi ile ya magari?" Akasema, "Nimecheza mchana, Baba. Saa hii napumzisha akili." Wewe ulikuwa unaosha vyombo. Hukugeuka.

Kuna siku mashine yetu iliharibika kiwandani tukaambiwa twende nyumbani. Nilipanda ngazi, nikafika mlangoni, ulikuwa wazi kidogo. Niliwaona mmeikalisha ile laptop juu ya mfuniko wa sufuria uliotolewa kwenye maji baridi, wewe unaipepea kwa jalada la kitabu, na yeye anabonyeza taratibu kama mtu anayemgusa mgonjwa. Magari kwenye skrini yalikuwa yanasogea hatua moja, yanakwama, yanasogea, yanakwama. Kisha ikazimika yenyewe.

Ukasema, "Simi, tumwambie tu. Hii haina kadi ya picha, haina nafasi, feni yake ni kama ya kuchezea. Arudishe."

Akasema, "Wacha. Alifurahi sana siku ile. Ukimwambia atajiona mjinga."

Nilishuka ngazi bila kuingia. Nilizunguka mtaani mpaka saa yangu ya kawaida ya kurudi, nikaingia nikijifanya nimetoka kazini. Simiyu alikuwa anacheza karata. Aliniuliza kazi ilikuwaje, nikasema salama. Mtoto mwenye maumivu ya mifupa alikuwa ananilinda mimi nisione aibu, nami niliwaacha mwendelee hivyo wiki nyingi, kwa sababu sikujua namna ya kusema nimekosea.

Mwishowe nilisema. Sikusema vizuri; niliwaambia tu Jumapili baada ya kanisa, "Vaeni, twende Komarock. Nimesikia kuna fundi anauza laptop. Mtachagua nyinyi." Simiyu alitazamana nawe. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Siku ile nataka nikukumbushe yote, kwa sababu nadhani umeifunga mahali na hutaki kuifungua. Jua lilikuwa limetoka vizuri. Simiyu alivaa jaketi langu la kazini, mikono imempita, na chupa yake ya maji kwapani. Yule fundi wa Komarock, kijana mpole mwenye miwani, alituletea kwanza ile yenye taa nyekundu na kijani kwenye vitufe. Mimi nikaipenda mara moja. Simiyu akacheka, akanishika mkono. "Baba, usiangalie sura. Taa haziendeshi gari."

Kisha akaanza kuuliza maswali kama daktari. Aliuliza kama ina kadi ya picha ya peke yake au inaazima nguvu kwa processor, ule ubongo wa mashine. Aliuliza RAM, ile kumbukumbu ya mashine, ni ngapi, na kama kuna nafasi ya kuongeza nyingine baadaye, kwa maana alisema mtu wa pesa kidogo anunue mashine inayokubali kuongezwa. Aliuliza kama diski ni ile ya kuzunguka au ile ya kisasa isiyo na kelele. Aliibonyeza kibodi kitufe kwa kitufe. Alikataa mbili. Moja kwa sababu skrini ilikuwa na kivuli upande, nyingine kwa sababu chaja yake haikuwa yake, ilikuwa ya laptop nyingine na nguvu haikutosha.

Ile ya tatu ilikuwa mbaya, Nekesa. Nyeusi, nene, kona moja imepasuka, na herufi zimefutika kwa kutumiwa. Nilifikiri ni ya kuzuilia mlango. Simiyu akaigeuza chini, akaona matundu ya hewa, akawasha, akaweka sikio. "Inapumua vizuri hii," akasema. Akamuomba fundi afungue gemu ya magari na aiache icheze. Fundi akasema, "Dakika ngapi?" Simiyu akajibu, "Mpaka ichoke." Tukakaa kwenye vile viti vya plastiki. Akawa anaweka kiganja chini yake kila baada ya muda kupima joto, halafu ananiambia nami niweke. Ilikuwa na joto, lakini halikuunguza. Na magari hayakukwama hata mara moja.

Fundi akaniuliza, "Huyu kijana wako anafanya kazi wapi, mzee?" Mimi nikasema bado yuko shule. Nilijivuna kiasi kwamba niliona haya.

Tukanunua smokie, zile soseji za barabarani, na kachumbari tukirudi. Alikula mbili.

Baada ya hapo nyumba hii ilibadilika. Jioni ilikuwa kelele zenu. Wewe ukitoka kibaruani unatupa mkoba, unakaa kitandani kando yake, mnagombania vitufe. Mama yako alikuwa analalamika lakini alikuwa anawaletea chai bila kuitwa. Hata mimi mlinikalisha mkanipa gari, nikaligonga ukuta mpaka mkalia kwa kicheko. Wakati akiwa na maumivu madogo, yale asiyotaka tuyajue, nilikuwa naona anacheza kwa mkono mmoja na mwingine ameukaza kwenye goti. Nilimuuliza kama gemu haimchoshi. Akaniambia, "Nikiwa ndani ya gari, Baba, goti linabaki nje."

Halafu ikaja baridi ya Julai.

Sitaandika ile asubuhi. Wewe ulikuwapo. Nitaandika yale ya wodini, kwa sababu huko kuna kitu hukukisikia, na nimekaa nacho mpaka leo.

Daktari alikuja akatuuliza kama alikuwa anakunywa maji ya kutosha siku zile. Lilikuwa swali la kawaida, wanaliuliza kila mara. Lakini mimi nilikuwa nimekaa pale kutwa nzima nikimwona mwanangu anauma shuka, na nilitafuta mtu wa kubeba lawama. Nikakugeukia wewe mbele ya mama yako, mbele ya wagonjwa na watu wao. Nikasema, "Maji atakunywa saa ngapi na huyu anamkalisha kwenye gemu kutwa? Wewe ndiye umemleta hapa. Wewe na laptop yako."

Ulivuta leso yako begani ukatoka nje. Mama yako akakufuata.

Sasa sikiliza. Mlipotoka, Simiyu alinivuta shati. Nilidhani alikuwa amelala. Sauti yake ilikuwa chini, nikainama. Akasema, "Baba, usimgombeze Nekesa. Yeye ndiye alikuwa ananinywesha. Anasimamisha gemu. Ananinyima vitufe mpaka nimalize kikombe. Nilikuwa namkasirikia." Akapumzika. Kisha akasema, "Mwambie."

Nikamwambia, "Nitamwambia."

Hakukaa siku nyingi baada ya hapo. Na mimi sikukuambia. Uliporudi wodini ukiwa umenawa uso, ningeweza kukuambia, nikaona kuna watu. Tulipompeleka nyumbani Bungoma kumzika, ningeweza kukuambia, nikaona kuna vilio. Baada ya mazishi nikaona muda umepita, na mtu akichelewa na neno kama hilo, kila siku linakuwa zito zaidi kulitoa. Nilijiambia unajua. Nilijiambia msichana mwenye akili kama wewe hawezi kuamini maneno ya baba aliyechanganyikiwa. Lakini nilikuwa nakuona. Nilikuona unavyopita kibanda cha gemu ukiangalia upande wa pili wa barabara. Nilijua umeamini.

Na nikaongeza kosa juu ya kosa. Tuliporudi kutoka Bungoma, ile laptop nyeusi ilikuwa pale kwenye rafu, na mimi sikuweza kuitazama. Ulipokuwa umeenda kibaruani nikaibeba nikairudisha Komarock, nikaiuza kwa bei aliyotaja fundi bila kubishana. Jioni ukaja, ukaona rafu. Ukauliza, "Iko wapi?" Nikasema, "Nimeiuza." Nilingoja upige kelele. Ningependa ungepiga kelele. Ulisema, "Sawa, Baba." Na tangu siku ile nimekuwa nikipewa hilo tu katika nyumba hii. Sawa, Baba.

Usilolijua ni kwamba nilirudi kuitafuta. Ilikuwa karibu na Krismasi. Mama yako alikuwa ameniambia kwamba ndani yake mlikuwa mmehifadhi mbio zenu zote, na kwamba Simiyu alikuwa amejirekodi sauti akitangaza, vile alivyokuwa akitangaza dirishani. Sikujua, Nekesa. Naapa sikujua kwamba sauti yake ilikuwa mle. Nilikwenda Komarock nikitembea haraka kama mtu anayewahi mgonjwa. Fundi alinitambua, akaniuliza habari ya yule kijana. Nikamwambia. Akavua miwani yake.

Akasema laptop ilinunuliwa zamani, na yeye hakumjua aliyeinunua. Nikamuuliza, vitu vilivyokuwa ndani je? Akasema, "Mzee, mashine ikija tunaifuta yote kabla ya kuuza. Lazima tufanye hivyo. Ningejua…" Akanipa kiti nikakaa kwenye vile viti vya plastiki, akaendelea na kazi yake kimya kimya mpaka nikaweza kusimama.

Kwa hiyo sauti ya ndugu yako haipo, na aliyeipoteza ni mimi. Hilo nalo nilitakiwa kukuambia kwa mdomo, sikuweza. Nimeliandika. Ukisoma ukanichukia, una haki, na sitakuja kukudai unisamehe kwa sababu mimi ni baba yako. Nilifundishwa kwamba mzazi haombi radhi kwa mtoto. Aliyenifundisha alikuwa baba yangu, na tulimzika bila mimi kumwambia neno lolote la maana, wala yeye kuniambia. Sipendi tufike huko.

Basi, kuhusu laptop.

Usinunue ile nyembamba kwa sababu yangu. Usijinyime kitu ulichokipenda ili uonyeshe kwamba mimi nilikuwa sahihi, maana sikuwa sahihi. Kama kweli umechoka na gemu, ni sawa, watu huchoka. Lakini kama ni mimi niliyekufunga, nunua inayoweza kucheza. Kazi ya chuo itaiweza pia. Mashine inayobeba magari haishindwi na kuandika. Pesa ulizo nazo ni kidogo, kwa hiyo hutapata yote, utachagua kitu uache kingine. Acha wembamba. Acha kung'aa. Acha hata betri ya kudumu sana ikibidi, hosteli ina stima. Usiache kadi ya picha, na usiache hewa. Ukifika dukani, mwambie muuzaji aiwashe gemu na aiache, na usione haya kukaa hapo kwenye kiti muda mrefu. Aibu ndiyo iliyoniponza mimi, si ujinga. Mjinga angeuliza.

Ukianza kucheza, huenda utalia mara ya kwanza. Mimi nafikiri utalia. Sina dawa ya hilo. Mama yako bado anamwekea Simiyu chai kwenye kikombe chake siku nyingine, kisha anakumbuka anaimwaga, na mimi najifanya sijaona. Hatujui kuomboleza katika nyumba hii, tumejua tu kupita kando. Sijui nikushauri nini, isipokuwa usijifunze kwetu.

Na nikuambie mara moja, kwa mwandiko wangu, ili hata nikifa uwe nayo: hukumuua ndugu yako. Ulimnywesha maji. Ulimpa siku nyingi ambazo goti lilibaki nje. Yeye mwenyewe alisema, na akaniagiza, na nimechelewa.

Nasikia watu wanapanda ngazi, huenda ni nyinyi. Nitaiweka barua hii ndani ya koti lako, utaikuta usiku huu ukipanga mizigo.

Kesho nimeomba ruhusa kazini. Mama yako ataagana nawe hapa mlangoni, anasema hawezi kufika stendi. Mimi nitakuja. Nitakubebea sanduku mpaka kwenye gari. Ikiwa njiani hutaki kuongea nami, usiongee, sitakulazimisha. Nitabeba tu.

Ni mimi,
Baba yako